Ibiskusi za Kando ya Mtaro

Jumatatu, 29 Agosti 1955

Nimemwagilia udongo mtupu tena leo. Ndoo baada ya ndoo, toka kisimani mpaka mtaro wa jikoni. Mgongo unauma. Si kama ulivyouma barabarani, lakini unauma.

Ramazani, mpishi wa Madamu, alisimama mlangoni pa jikoni na kisu mkononi, akaniangalia mpaka nikamaliza.

"Ee Mubangubangu, unanywesha nini? Pale iko vijiti tu."

Huniita kwa kabila langu. Nikamwambia chini ya vijiti kuna mizizi.

"Hata wafu wako chini, lakini hatuwapelekei maji."

Nilicheka. Sikutaka kucheka.

Ndiyo kazi yangu tangu Bwana wa barabara aliponitoa kwenye kikosi cha kuvunja mawe akanikabidhi kwa mke wake, Madamu, kwa sababu mgongo ulikataa. Madamu ana kipande cha maua yasiyopandwa kila mwaka. Unapanda mara moja, yanakaa. Kanna, dalia, margeriti, na mwisho kabisa, kando ya mtaro, ibiskusi. Si zile nyekundu za kwenye wigo wa misheni, ambazo hazijui kufa. Hizi alizituma dada yake Madamu kutoka Ulaya, mizizi imefungwa kwenye majani makavu kama samaki wa kuuza. Kiangazi kilipoanza Madamu aliniamuru nikate mashina yote, yabaki kiganja kimoja. Kwao baridi huziua mpaka chini kila mwaka, halafu zinaamka. Hapa hatuna baridi. Tunazidanganya kwa kiangazi.

Bwana alisema mbele ya Madamu: siku ua la kwanza likifunguka, napanda kamio, lori la mizigo, kwenda kwetu, mbele ya Kabambare, kwa likizo. Yasipofunguka kabla ya kamio ya mwisho, mvua hazijafunga njia, narudi kwenye mawe mpaka mkataba uishe. Kwenda kwa miguu bila karatasi yake ni kutafuta gereza.

Nina mtoto wa kike kule. Alizaliwa nikiwa hapa Kasongo. Sijamwona. Kwa hiyo nanywesha vijiti.

Jumamosi, 3 Septemba

Hakuna kitu. Kanna zimetoa masikio. Dalia pia. Ibiskusi kimya.

Madamu anasema hizi huchelewa kuliko zote, nisichimbe kuangalia. Anajua ninachofikiri. Kila nikipita na jembe kidole kinawasha.

Jumapili, 11 Septemba

Mvua ya kwanza. Fupi, lakini udongo umenukia mpaka chumbani.

Pilipili, dereva wa kamio ya mfanyabiashara mmoja wa hapa, amerudi toka Kabambare. Anaitwa Pilipili kwa hasira zake njiani, lakini akiwa na sahani mbele yake ni mpole kama mbuzi. Alikutana sokoni na mke wangu Zaina. Ameleta maneno mawili. La kwanza: mtoto anasimama akishika kinu. La pili: nyumba inavuja upande wa kitanda.

Nikamuuliza mtoto anafanana na nani.

"Anafanana na mutu mwenye njaa. Alikula ndizi yangu yote."

Nimefurahi siku nzima kwa hiyo ndizi. Upweke pia umenikamata, siwezi kusema uongo. Jioni nimekwenda kuangalia vijiti. Kimya.

Jumamosi, 17 Septemba

Imetoka!

Asubuhi, pembeni ya kijiti cha tatu. Ncha nyekundu, nene, kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nilidhani ni uyoga. Nikapiga magoti, nikapuliza udongo. Si uyoga. Nyingine nyuma yake. Halafu nyingine.

Nimeruka ruka pale pale na ndoo. Ramazani ameona. Ameita watu wote wa lupango, boma zima la Bwana, waje wamwone Mubangubangu anayecheza ngoma ya kichaka kimoja. Wacha aite.

Jumatano, 21 Septemba

Vijiti vyote vimeota isipokuwa kimoja. Hicho kimoja nimekiambia maneno mabaya.

Jumapili, 2 Oktoba

Zinakua kwa pupa. Sijaona mmea wa namna hii. Zinapenda maji machafu ya mtaro, yale ya kuoshea sufuria. Nyingine zimefika gotini. Majani mapana, laini, na mishipa myekundu. Nimeweka majani makavu chini ya mashina ili udongo usikauke. Panzi wamekuja, nimewarushia majivu.

Madamu ameondoka kwenda Kindu kumpokea dada yake, yule yule wa mizizi. Anakuja kutembea na anataka kuona watoto wake, ndivyo anavyoziita ibiskusi. Madamu alizunguka bustani kabla ya kupanda gari. Akasema, "Zilinde hizi kama macho yako."

Kapita, msimamizi wa kikosi, amepita njiani na watu wake wa mawe. Akapiga kelele kwamba nyundo yangu bado ipo, ameitunza vizuri, hakuna aliyeigusa. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikarudi kung'oa magugu haraka haraka.

Jumatano, 12 Oktoba

Leo nimekula kama chifu.

Kutwa nilikuwa mtoni kukata miti ya kuegemezea dalia. Nilirudi nimekwisha kabisa. Mama Salima, mke wa Ramazani, aliniita kwao. Ni mwanamke mnene, mcheshi, anaongea hata akiwa na chakula mdomoni. Huja hapa lupango mara moja moja kumsaidia mumewe kufua. Alinipa ugali moto na mboga ya ngaingai, yale majani machachu ya shina jekundu, iliyopikwa kwa mawese na dagaa.

Nilimwambia mboga ni tamu ila haina ukali. Ngaingai ya kwetu inakunja uso. Hii inateleza kama bamia.

"Labda ni udongo wa hapa," akasema. "Udongo wa Kasongo hauna ugomvi, si kama ninyi watu wa Kabambare."

Nikaomba sahani ya pili. Nimelamba mpaka vidole. Nalala vizuri leo.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimekula likizo yangu. Nimeila na ugali na kuomba nyongeza.

Asubuhi nimekwenda mtaroni na ndoo. Ibiskusi hazina vichwa. Zote. Kila shina limechumwa ncha, taratibu, kwa ukucha, kama mwanamke anavyochuma mboga. Nimesimama. Nikakumbuka ule utelezi ulimini. Nikakaa kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa na maji.

Nilikwenda kwa Mama Salima nimelowa nyuma. Nikamuuliza ngaingai ya jana aliichuma wapi.

"Pale kwenye mtaro. Iko nyingi. Mbona unauliza kama polisi?"

Nikamwambia ile si ngaingai. Ni maua ya Madamu.

Aliweka mikono kichwani. Halafu akasema majani ni yale yale, shina jekundu ni lile lile, na nani duniani anapanda ngaingai kwa kuangalia? Kwetu ni hivyo hivyo. Ngaingai iliyoota kando ya maji ni ya kila mwanamke anayepita. Anachuma ncha, anaacha shina, hana haja ya kuomba. Zaina anafanya hivyo. Mama yangu alifanya hivyo. Mama Salima hakuiba.

Lakini nina hasira. Naandika hivyo hivyo: nina hasira naye, nina hasira na mtaro, nina hasira na tumbo langu ambalo lilifurahi.

Ijumaa, 14 Oktoba

Ramazani amesikia habari yote. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Madamu akikuuliza maua iko wapi, mwambie iko salama, hakuna mwizi atakayeyafikia."

Kisha alipoona uso wangu akaacha. Akanipa kahawa ya Madamu, yenye sukari. Akasema yeye pia alikula.

Mama Salima amekuja mwenyewe. Anasema Madamu akirudi atakwenda mbele yake na kuku mkononi na kusema ni yeye. Nimemwambia kuku hafungui ua. Akasema tuone basi kama kununa kunafungua.

Nimeendelea kumwagilia. Sijui kwa nini. Mkono umezoea.

Jumamosi, 22 Oktoba

Kuna kitu kinatokea, sitaki kukisema kwa nguvu.

Chini ya kila ncha iliyochumwa, kwenye kwapa la jani, kuna kijiti kipya. Si kimoja. Viwili, mahali pengine vitatu au vinne. Shina lililokuwa limesimama peke yake kama askari sasa lina mikono. Vichaka vimekuwa vipana. Kile kijiti nilichokitukana nacho kimeota.

Mama Salima alikuja kufua. Nikamwonyesha. Akaangalia mashina, akaniangalia mimi. Akauliza kama anaweza kuchuma tena kidogo.

Nimemfukuza na fagio. Alikimbia akicheka, na ndoo ya nguo kichwani, haikumwagika hata tone.

Jumanne, 25 Oktoba

Madamu amerudi na dada yake. Dada ni mrefu, mwembamba, ana kofia pana, na Kiswahili chake ni neno moja: jambo. Analisema kwa watu, kwa mbuzi, kwa dalia.

Walikwenda moja kwa moja mtaroni. Mimi nyuma yao. Kabla sijafungua mdomo, Mama Salima ametokea nyuma ya jikoni na kuku wake. Akaeleza yote, alichuma vipi, alipika vipi, weka mawese, weka dagaa. Ramazani alitafsiri. Nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

Yule dada akaanza kucheka. Akasema maneno mengi kwa Kifaransa, na Madamu akajipiga paji la uso. Ramazani akatuambia: huko kwao dada mwenyewe huzikata ncha zikifika gotini, zipate matawi na maua mengi. Kila mwaka. Madamu alisahau kunieleza.

Kuku amepokelewa. Dada ameuliza kama mboga ilikuwa tamu. Nikasema ndiyo, Madamu. Ni kweli, ilikuwa tamu.

Nilitaka kucheza tena. Lakini Ramazani hakuwa amemaliza kutafsiri. Ukizikata zinatoa maua mengi, anasema dada, ila zinachelewa. Wiki mbili. Pengine zaidi.

Bwana alikuwa barazani na bomba lake la tumbaku. Nikamwomba Madamu amuulize habari ya kamio. Akamuuliza. Bwana akasema neno lake halibadiliki kwa sababu ya mboga.

Jumatano, 9 Novemba

Mvua kila siku. Pilipili anasema madaraja ya miti ya njia ya Kabambare yameanza kuelea. Atakwenda safari moja tena, Jumatatu tarehe tano Desemba, alfajiri. Baadaye njia inafungwa mpaka mvua zipungue.

Ibiskusi zimefika kifuani kwangu. Hakuna hata kitumba kimoja.

Chumba kinavuja. Nawaza Zaina na kitanda chake. Tunalowa wote wawili, kila mtu mahali pake.

Jumapili, 20 Novemba

Vitumba! Vidogo kama njugu, kila mkono una vyake. Nilianza kuvihesabu nikaacha, ni vingi mno.

Dada ameleta kiti chake mtaroni. Anakaa pale asubuhi na kofia yake na kushona. Mimi napalilia. Hatuna lugha, lakini nikivuta tawi anatikisa kichwa, nikiliacha ananyanyua kidole gumba. Ni kazi nzuri kuliko mawe. Nimeshangaa kuona kwamba nimeanza kuipenda. Sijawahi kupenda kazi.

Jumamosi, 3 Desemba

Vitumba vimenenepa kama vitunguu. Vimefunga. Vimekaza.

Nimezunguka tangu asubuhi. Ramazani anasema nikifungue kimoja kwa vidole, Bwana hatajua. Nikamwambia ua lililofunguliwa kwa nguvu linaonekana, kama mtu aliyeamshwa. Ramazani akasema basi nikiwekee maji ya moto, yeye huamsha mkate hivyo.

Kapita amepita tena. Aliinua nyundo tu.

Jumapili, 4 Desemba

Jioni. Kwenye kitumba kimoja kuna ulimi wa rangi ya waridi unaochungulia. Vingine karibu yake pia vinalegea.

Dada amenionyesha kwa mikono: usiku vinalala, jua likija vinafunguka. Jua, si kabla. Na Pilipili anaondoka kabla ya jua.

Nimekwenda kumwomba asubiri. Akasema tayari amechelewa kwa siku nyingi, magunia ya chumvi yanalowa, na kamio si mke wake wa kusubiri mtu. Huyo ndiye Pilipili.

Mama Salima alikuwa anapita na mtungi. Alisikia. Akaniambia nifunge mzigo wangu. Nikamuuliza wa kwenda wapi. Akasema nifunge tu, niache maswali, na wakati huu nisimfukuze na fagio.

Nimefunga. Shati, sufuria, kitambaa cha Zaina, kofia ndogo ya mtoto ambayo sijui kama itamtosha.

Jumatatu, 5 Desemba

Naandika ndani ya kamio, juu ya gunia la chumvi. Mwandiko unaruka.

Ilikuwa hivi. Pilipili aliwasha kamio gizani, mbele ya jikoni ya Madamu, kuchukua sanduku la Bwana. Mama Salima alikuwa ameshawasha moto. Akamwita, "Baba, utakwendaje mbali na tumbo la jana? Onja kwanza." Ngaingai ya kweli, yenye ukali wake, kwa mawese, na samaki wa Lualaba mzima. Pilipili akasema ataonja akiwa amesimama. Kisha akakaa. Kisha akazima kamio.

Alipomaliza sahani, ikaja nyingine. Alipomaliza hiyo, Mama Salima akagundua kwamba ugali umepoa, ikabidi asonge mwingine. Akausonga polepole, akimweleza habari za ndoa ya binti yake toka mwanzo. Pilipili alikuwa anatoka jasho la furaha. Mbingu zikaanza kuwa nyeupe.

Mimi nilikuwa mtaroni. Nilikaa juu ya ndoo, safari hii imegeuzwa.

Jua limegusa kichaka cha tatu kwanza. Kitumba kikajinyoosha. Naapa nilikiona kikijinyoosha. Petali moja ikafunguka, ya pili, na katikati nyekundu kama damu ya kuku. Ua kubwa kuliko sahani ya Mama Salima. Nikaanza kuita. Kabla sijamaliza, la pili likafunguka. La tatu. Mtaro mzima, waridi na nyeupe, kila mkono ule uliochumwa ukitoa lake.

Madamu alikuja miguu mitupu. Dada alikuja na nywele zimesimama, akasema jambo kwa kila ua. Bwana alikuja mwisho, amevaa nguo za kulalia, na bomba halijawashwa. Akasimama. Niliogopa kidogo. Akazunguka mpaka mwisho wa mtaro akarudi.

Akauliza, "Hizi ndizo mlizokula?"

Nikasema ndiyo, Bwana.

Akaitikia kwa pua, akaingia ndani, akatoka na karatasi yangu. Ilikuwa imeshaandikwa. Sijui toka lini.

Dada alikata matawi matatu chini ya majani, yasiyo na vitumba, akayachomeka kwenye kopo la maziwa lenye tope, akanipa. Akanionyesha: maji, maji, maji. Nilimpa mkono. Mama Salima nilimpa mikono yote miwili. Akasema, "Nenda, Baba Mutoto. Nikisikia hamu ya mboga najua mahali." Ramazani akamkimbiza na kijiko.

Pilipili hawezi kuendesha vizuri kwa shibe. Tunakwenda polepole. Nimekumbatia kopo. Tulipopita kwenye mawe kapita alinyanyua nyundo, nami nikanyanyua kopo.

Alhamisi, 8 Desemba

Tulikwama karibu na Lusangi. Tope mpaka mapajani. Nimesukuma kamio kuliko nilivyowahi kusukuma kitu. Mgongo haukulalamika. Tawi moja limenyauka. Mawili yanashika.

Jumatano, 14 Desemba

Nyumbani.

Nyumba haivuji tena. Nimemaliza paa jana. Zaina ananiangalia nikishuka ngazi kama mtu anayehakikisha kitu.

Mtoto alinililia siku mbili. Kofia haimtoshi, amevalishwa mwanasesere wa gunzi. Leo hakulia.

Nimepanda matawi mawili nyuma ya jiko, pale maji ya sufuria yanapomwagwa. Zaina akauliza ni mboga ya namna gani. Nikamwambia ni maua. Akayatazama, akasema majani ni ya ngaingai. Nikamwambia asubiri yafike gotini.

Mtoto alikuja akishika ukuta. Akakaa karibu nami kwenye tope. Alinyoosha mkono, akachuma jani moja changa, akaliweka mdomoni. Akatafuna, ananitazama.

Nimemwacha.